Rais wa Marekani ameshindwa au amezuiwa? Jibu kwa msomaji wa Tandika

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nakuandikia kutoka Tandika. Nyumbani kwetu kuna ubishi usiokwisha. Mjomba, ambaye redio za nje hazimpiti, anasema rais wa Marekani ambaye miswada yake inakwama ni kiongozi dhaifu, basi. Mwenye nguvu angewaita wabunge wake na mambo yakaisha. Dada yangu, aliyesoma kule miaka minne, anasema wapinzani ndio wanaokaba kila kitu makusudi ili rais aonekane hafai. Ubishi ulipamba moto serikali yao ilipofungwa kwa kukosa bajeti mwaka 2025 na mpaka leo hawajaelewana. Mimi niko katikati. Nani anasema kweli? Na kwa nini rais asilivunje tu hilo Bunge, uchaguzi urudiwe?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nitaanza na swali lako la mwisho, maana ukilielewa hilo nusu ya ubishi wa nyumbani itakuwa imeisha.

Halivunji kwa sababu hawezi. Hakuna rais wa Marekani aliyewahi kuwa na mamlaka hayo tangu Katiba yao ianze kutumika mwaka 1789. Mjomba wako anaitazama Washington kwa macho ya Dodoma, na simlaumu, kila mtu huanzia kwao. Katiba yetu ya 1977, ibara ya 62, inasema Bunge lina sehemu mbili: Rais na Wabunge. Mawaziri wanatoka miongoni mwa wabunge na wanakaa humo humo ukumbini. Ibara ya 90 inamruhusu Rais kulivunja Bunge likikataa bajeti ya Serikali. Ibara ya 97 inasema akikataa muswada na Bunge likaupitisha tena kwa theluthi mbili, ama ausaini ama alivunje Bunge. Na mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni, ubunge wake umekwisha. Yaweke yote hayo pamoja utaona kwamba kwetu mkwamo una namna nyingi za kumalizwa kabla haujaanza, na nyingi ziko mkononi mwa mtu mmoja.

Kule hazipo. Waziri haruhusiwi kuwa mbunge. Rais haingii bungeni kujibu maswali. Seneta akimpinga rais wa chama chake mwenyewe, chama kinaweza kumnunia lakini hakiwezi kumvua useneta. Usiku wa kuamkia 28 Julai 2017 Seneta John McCain, Mrepublican, alisogea mbele ya ukumbi na kugeuza dole gumba chini. Muswada ambao Rais Trump aliutaka, wa kufuta sehemu za sheria ya bima ya afya ya Obama, ukaanguka kwa kura 49 kwa 51. McCain akaendelea kuwa seneta hadi alipofariki mwaka uliofuata. Na Bunge nalo haliwezi kumtoa rais kwa kuchukia sera zake, kwani kumwondoa kunahitaji mashtaka mazito na theluthi mbili ya Seneti. Kwa hiyo pande zote mbili zimefungiwa nyumba moja, na hakuna wa kumfukuza mwenzake mpaka tarehe ya uchaguzi ifike.

Nikuletee jambo la hapa mjini. Unazijua nyumba za urithi za Kariakoo na Ilala. Mzee amefariki, ameacha watoto tisa kwa mama watatu, msimamizi wa mirathi ameteuliwa, mnunuzi yupo na fedha anazo, lakini hatoi hata shilingi mpaka warithi wote wasaini. Mmoja anagoma. Majirani wanasema msimamizi hana uwezo, angekuwa mwanamume kweli nyumba ingekuwa imeshauzwa. Kaa na ukoo ule wiki moja tu, utagundua anayegoma ndiye anayekusanya kodi ya fremu za mbele. Nyumba isipouzwa anazidi kula, na lawama zinakwenda kwa msimamizi. Nimewahi kukaa katika vikao vya namna hiyo katika ukoo wetu na nakuambia kwa uchungu: hakuna hotuba wala ukali unaomhamisha mtu anayefaidika na mkwamo.

Huko Washington wa kusaini ni wengi. Baraza la Wawakilishi lina wajumbe 435, wote wakichaguliwa kila baada ya miaka miwili. Seneti ina wajumbe 100, wawili kila jimbo, wa vipindi vya miaka sita, na kama theluthi yao hurudi kwa wapiga kura kila miaka miwili. Muswada lazima upite kote kuwili kwa maneno yale yale, kisha rais asaini. Akiukataa kwa kura ya turufu, kila baraza linahitaji theluthi mbili kumshinda.

Hayo yako kwenye Katiba. Kufuli kubwa kuliko yote haliko humo, na hapa nakuomba usome taratibu, kwa sababu hata wachambuzi wetu wa redioni hulipita mbio. Seneti, kwa kanuni zake yenyewe, iliacha mjadala bila kikomo. Seneta akitaka kuua muswada alisimama akazungumza, na maadamu anazungumza kura haipigwi. Hiyo ndiyo wanayoiita filibasta. Mwaka 1917 maseneta wachache waliukwamisha hivyo muswada wa Rais Woodrow Wilson wa kuzipa silaha meli za biashara. Hasira zilizofuata zikaleta kanuni ya kufunga mjadala kwa theluthi mbili. Mwaka 1975 kiwango kikashushwa hadi kura 60. Mwaka 1957 Strom Thurmond wa South Carolina alisimama saa 24 na dakika 18 kupinga muswada wa haki za raia. Siku hizi miguu haichoki. Maseneta 41 wakionyesha tu kwamba hawatakubali mjadala ufungwe, muswada unabaki pale pale, na mwananchi aliyeko nyumbani haoni aliyeuzuia. Anachokiona ni rais aliyeahidi na hakutimiza.

Uteuzi wa majaji na maofisa umeondolewa kwenye kufuli hilo, kwa hatua mbili: Wademokrat walianza mwaka 2013, Warepublican wakamalizia na Mahakama ya Juu mwaka 2017. Pia sheria ya bajeti ya 1974 iliacha mlango wa pembeni ambao baadhi ya miswada ya kodi na matumizi hupita kwa wingi wa kawaida. Ndiyo maana marais wa karibuni husukumia ndoto zao zote kwenye mlango huo mmoja mwembamba. Biden alifanya hivyo Agosti 2022, Trump Julai 2025, na mara zote mbili Seneti iligawanyika 50 kwa 50, makamu wa rais ndiye akaamua.

Kwa hiyo mjomba akisema "lakini chama chake kina wengi", muulize wengi wangapi. Wenye viti 53 ni wengi, lakini 53 si 60.

Sasa nimtetee mjomba, maana ana hoja yake na dada yako asiidharau. Uongozi upo na unapimika. Muswada wa haki za raia ulikuwa wa John Kennedy na ulikuwa umekwama alipouawa Novemba 1963. Lyndon Johnson, aliyerithi kiti, alikuwa amewahi kuwaongoza maseneta wa chama chake na alimjua kila mmoja wao: anachotaka, anachoogopa, deni analodaiwa. Chama chake kilikuwa na viti 67, theluthi mbili kamili iliyohitajika wakati ule. Lakini 23 kati ya hao 67, wengi wao wa majimbo ya kusini, walikataa. Mrithi aliyegoma alikuwa ndani ya ukoo wa rais mwenyewe! Johnson akajua kura ziko kwa wapinzani. Akawaelekeza watu wake wampe Everett Dirksen wa Illinois, kiongozi wa maseneta wa Republican, heshima na nafasi ya kuurekebisha muswada ili naye aweze kuuita wake. Baada ya zaidi ya miezi miwili ya filibasta, tarehe 10 Juni 1964, mjadala ulifungwa kwa kura 71 kwa 29: Wademokrat 44 na Warepublican 27. Tarehe 2 Julai ikawa sheria. Mwenye kusema rais hana la kufanya aisome hesabu hiyo mara mbili.

Na kinyume chake kipo. Bill Clinton aliingia madarakani 1993 chama chake kikishika mabaraza yote mawili. Mpango wake mkubwa wa bima ya afya ukaandaliwa na kikosi kilichoongozwa na mkewe, wabunge wengi wakihisi wameletewa chakula kilichokwisha kupikwa. Ulikufa mwaka 1994 bila hata kufikishwa kwenye kura ya mwisho. Wapinzani waliupiga vita, ni kweli, lakini sitawabebesha wao peke yao jambo ambalo chama cha rais mwenyewe kilishindwa kukubaliana. Pale mjomba anashinda.

Lakini angalia kilichobadilika tangu siku za Johnson, kwa sababu hapo ndipo naegemea kwa dada yako. Wakati ule kila chama kilikuwa na watu wa kila rangi ya mawazo. Mdemokrat wa kusini alifanana zaidi na Mrepublican fulani kuliko na Mdemokrat wa New York. Miongo iliyofuata ikawachambua kama mchele na chuya: wahafidhina wote upande mmoja, waliberali wote upande mwingine. Hilo husemwa sana. Linalosemwa kidogo, na ambalo mimi naliona ndilo zito zaidi, ni hili: Wademokrat walishika Baraza la Wawakilishi miaka 40 mfululizo, kuanzia 1955 hadi Januari 1995. Mrepublican wa miaka ile alijua hatashika usukani hata afanyeje. Basi alishirikiana na waliopo, apate barabara ya jimboni kwake, apate kifungu kimoja cha sheria chenye jina lake. Tangu uchaguzi wa 1994 baraza hilo limebadilika mikono 2006, 2010, 2018 na 2022. Leo kila upande unaamini uchaguzi ujao ni wake. Ukiamini hivyo, kumsaidia rais wa upande wa pili kupitisha jambo jema ni kumjengea jukwaa la kampeni. Kumzuia ni kumwacha aende kwa wapiga kura mikono mitupu.

Mitch McConnell, kiongozi wa maseneta wa Republican, alilisema hadharani mwaka 2010: jambo kubwa kuliko yote walilotaka kulifanikisha ni Barack Obama awe rais wa muhula mmoja. Wengi walimchukia kwa kauli hiyo. Mimi namshukuru kwa uwazi, kwani alitamka kile ambacho pande zote hukifanya kimya kimya. Wademokrat walitumia filibasta mwaka 2003 kuwazuia majaji wa George W. Bush. Na Februari 2024 maseneta wa vyama vyote viwili walikaa miezi wakaandika muswada wa kudhibiti wahamiaji kwenye mpaka wa kusini, jambo ambalo Warepublican wenyewe walikuwa wakilidai. Trump, akiwa mgombea, akaupinga. Ulihitaji kura 60 ukapata 49. Tatizo la mpaka lilikuwa na thamani kubwa zaidi likiwa hai kwenye kampeni kuliko likiwa limetatuliwa.

Seneta mmoja mmoja naye ana hofu yake, nayo unaijua vizuri kwa sababu hapa kwetu tuna neno lake: kura za maoni. Katika majimbo mengi ushindi wa Novemba unajulikana mapema, kwa hiyo vita halisi ni ndani ya chama. Anayepeana mkono na rais wa upande wa pili anakwenda kwenye kura za maoni akiitwa msaliti.

Hapo sasa tunafika 2025. Mwaka wao wa fedha huanza 1 Oktoba, wakati wetu huanza 1 Julai. Bajeti isipopita, ofisi zinafungwa. Nalo hili la kufunga si amri ya Katiba. Kabla ya 1980 fedha ziliwahi kukatika mara kadhaa na ofisi zikaendelea na kazi; ni Mwanasheria Mkuu wa Rais Carter, Benjamin Civiletti, aliyeitafsiri sheria ya karne ya 19 kwamba bila idhini ya Bunge ofisi haziruhusiwi kuendelea, isipokuwa kwa mambo ya dharura. Tafsiri ya mwanasheria mmoja ikageuka silaha ya vyama vyote.

Oktoba ile Warepublican walikuwa na rais, Baraza la Wawakilishi, na maseneta 53. Walihitaji 60. Wademokrat wakazuia kura zao wakidai ruzuku za bima ya afya zilizokuwa zinakaribia kwisha ziongezwe. Warepublican wakasema: fungueni serikali kwanza, tuzungumze baadaye. Mamia ya maelfu ya watumishi wakakaa nyumbani bila mshahara, wengine wakafanya kazi bila mshahara, safari za ndege zikapunguzwa, na msaada wa chakula wa watu wapatao milioni 42 ukayumba. Siku 43. Rekodi ya siku 35, iliyowekwa 2018 na 2019 Trump alipotaka dola bilioni 5.7 za ukuta wa mpakani, ikavunjwa. Kilichofungua mlango ni maseneta wanane wa upande wa Wademokrat waliovuka. Kura zilikuwa 60 kwa 40, yaani sitini kamili bila hata moja ya ziada. Trump akasaini 12 Novemba.

Katikati ya siku hizo 43 lilitokea jambo ambalo ningependa mjomba na dada walitafakari pamoja. Trump aliwataka maseneta wa chama chake wafute filibasta kabisa, wapitishe wanachotaka. Walikataa. Januari 2022 Wademokrat nao walijaribu kuilegeza ili wapitishe sheria ya upigaji kura. Wakaanguka kwa 48 kwa 52, wawili wa kwao wakiwa miongoni mwa waliokataa. Maseneta wa pande zote mbili wanaichukia filibasta wakiwa wengi na kuipenda wakiwa wachache. Wote wanajua kesho watakuwa wachache.

Utaniuliza haya yanatuhusu nini sisi wa Dar es Salaam. Mpango wa AGOA, unaoruhusu bidhaa zetu kuingia Marekani bila ushuru, ulisainiwa na Clinton mwaka 2000 wakati Bunge likiwa la Warepublican. Mpango wa PEPFAR wa kupambana na UKIMWI ulianza 2003 chini ya Bush kwa kura za vyama vyote viwili. Watu wapo hai katika mitaa yetu kwa sababu wapinzani wale waliwahi kukubaliana. AGOA ilifika mwisho wa muda wake 30 Septemba 2025 ikiwa haijaongezwa, na kesho yake serikali yao ikafungwa. Haikukwama kwa kuwa na maadui wengi, ilikosa nafasi kwenye foleni ya watu wanaogombana, hadi ilipoongezwa muda Februari 2026. Fundi cherehani wa kiwanda cha nguo pale Mabibo hakuwa na mbunge hata mmoja kule, na bado siku ile ilimhusu. Ndiyo maana siwezi kulizungumza jambo hili kama mchezo wa Simba na Yanga.

Kwa hiyo nani mkweli? Kwa miaka thelathini hivi iliyopita, dada yako yuko karibu zaidi na ukweli kuhusu kwa nini mambo yanakwama. Lakini anakosea akidhani kuna chama kimoja chenye dhambi hiyo, na anakosea zaidi akimsamehe kila rais kwa kisingizio cha wapinzani. Marais hawa hawa wanaoitwa dhaifu wamewahi kupata kura za upande wa pili. Sheria ya Trump ya kurekebisha magereza na vifungo, Desemba 2018, ilipita Seneti kwa 87 kwa 12. Sheria ya Biden ya barabara na madaraja, 2021, ilipita kwa 69 kwa 30. Zote mbili ziliachia kila upande kitu cha kwenda kuonyesha jimboni. Rais anayeleta muswada ambao sifa zake zote zitakuwa zake, kisha akashangaa wapinzani kuukataa, hapo ndipo mjomba ana haki ya kuuliza habari za uongozi.

Nakushauri mwisho wa Septemba ukifika, kabla hawajaanza kurushiana maneno, uwaweke mezani na karatasi. Waandike chama cha rais kina maseneta wangapi, zimepungua ngapi kufika 60, ni maseneta gani wa upande wa pili wangeweza kuvuka, na kila mmoja wao angerudi jimboni kwake na nini. Anayetaka kumlaumu rais aonyeshe kura ambayo ilikuwa inapatikana na yeye hakuifuata. Anayetaka kuwalaumu wapinzani aonyeshe walichopewa wakakikataa.